Mama Anaamini Moyo Wangu Umepona

Mhariri, nakuomba ulifiche jina langu, na kijiji changu pia usikitaje. Ukurasa wenu hutufikia huku ng'ambo ya Ruvuma ukiwa umefungiwa chumvi, nami huunyoosha na kusoma mambo ya watu nisiowajua. Leo nimekuja na yangu.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na mmoja, mtoto pekee aliyebaki kwa mama yangu mjane. Tulikuwa watu wa pwani, upande wa Mocímboa da Praia, hadi vita vilipokaza na askari wa Kireno wakatuhamishia kwenye aldeamento, yaani kijiji cha uzio, njia ya Mbau. Nilisoma kwa masista, na nilikuwa karibu kuwa mwalimu shule ilipofungwa. Nayasema haya ili mjue kwamba nilichokifanya sikukifanya kwa kukosa elimu.

Mwaka jana kifua changu kilianza kupapatika. Si kule kudunda kwa mtu aliyekimbia. Ni kama kuku aliyefungwa miguu anayejaribu kuinuka: anapiga mabawa mara tano, sita, kisha kimya, kimya kirefu mno, halafu pigo moja zito. Nilidhani ni hofu. Nani haogopi, na ndege zile zinavyopita juu ya mapaa yetu? Lakini mimi ni mtu wa kujichunguza, nikagundua kwamba ndege zikipita moyo wangu hutulia kama wa mtu mwingine. Ulipapatika nikiwa nimekaa napeta mchele.

Mama mdogo alipoona nimeshika kifua, alicheka. "Huyo ni mwanamme, wewe! Mtaje jina tukamlete, kifua kitulie." Mama hakucheka. Alisema ni shetani wa baharini, ametufuata huku bara kwa sababu tuliondoka bila kumuaga. Angenipigia ngoma, ila ngoma zimekatazwa ndani ya uzio. Askari wanasema tunapelekeana habari na watu wa msituni.

Nikaenda kwa enfermeiro, muuguzi mtu mzima aliyekuwa akija kijijini kila Jumanne.

"Unakunywa kahawa sana?"

"Kahawa ya wapi, baba?"

Alitabasamu. Akafunua kope zangu kutazama kama nina damu ya kutosha, akapapasa shingo kutafuta tezi, akauliza homa, akauliza, macho chini, kama nina mimba. Kila kitu alikiondoa kimoja kimoja. Kisha akaweka chombo chake cha kusikilizia kifuani pangu, akakaa hapo muda mrefu.

"Ulipokuwa mdogo, magoti yaliwahi kuvimba?"

Yalivimba. Nilikuwa na miaka kumi. Koo liliniuma kwanza, halafu magoti yakawa kama madafu, nyanya akayakanda kwa mafuta ya nazi hadi yakapona.

"Magoti yalipona, menina, binti yangu. Ugonjwa ulibaki kwenye moyo. Kuna mlango humo ndani haufungi sawasawa." Akanipa vidonge vidogo vyeupe vya miezi mitatu, nusu kila asubuhi. "Usizidishe. Dawa hii ikizidi, moyo uleule ndio inauvuruga. Na utafute njia ya kufika hospitali kubwa."

Mama aliponiuliza ni vidonge vya nini, nikamjibu, "Vya kuongeza damu tu." Ameshazika mume na wanawe wawili. Sikuweza kumwambia. Huo ndio uongo wangu, na sina mwingine wa kumlaumu.

Wiki mbili baadaye alimwomba mwalimu wa madrasa aniandikie kombe, zile aya za zafarani zinazoandikwa kwenye sahani nyeupe na kuoshwa kwa maji ili mgonjwa anywe. Mama akaona ni vizuri dawa ya kizungu na dawa ya Mungu zifanye kazi pamoja. Alivisaga vidonge vyote akavichanganya humo. Kama ni vya damu, damu ikiwa nyingi kuna ubaya gani? Nilikunywa bila kujua, kwa heshima, hadi tone la mwisho.

Nilitapika siku tatu. Kuta, mikono ya mama, hata maziwa, vyote niliviona vya manjano. Nilipomwambia, alilia kwa furaha. "Ni zafarani hiyo, mwanangu! Shetani anatoka!" Moyo wangu ulikuwa ukisimama na kuondoka, kusimama na kuondoka, nami nikamwitikia, "Ndiyo, mama, anatoka."

Sikufa. Vidonge vimekwisha, na muuguzi alichukuliwa na askari, wanasema alikuwa akiwapelekea dawa watu wa msituni. Hakuna aliyekuja badala yake.

Mwanamke mmoja anayejua njia za Namoto, kule mpakani, yuko tayari kunivusha nije Mtwara hospitalini. Lakini kila asubuhi tunaitwa majina. Jirani yetu mwanawe alipokosekana, jirani mwenyewe ndiye aliyepelekwa posto, kituoni kwa askari, na nyumba yake sasa imeota majani. Mama magoti yake hayawezi safari. Nikimwambia ukweli wa moyo wangu, najua atakachosema. Atasema nenda, kisha atabaki hapa peke yake kuwajibu askari. Nisipomwambia, ataendelea kumshukuru Mungu hadi asubuhi atakayonikuta nimelala sitikisiki.

Juzi alinishika kifundo cha mguu akatabasamu, jambo ambalo sijaliona kwake tangu tulipohamishwa. "Alhamdulillahi, umeanza kunenepa." Alipotoka nilibonyeza pale aliposhika. Kidole changu kiliacha shimo, na shimo halikujaa; si unene huo, ni uvimbe.

Wasomaji, mama zangu na dada zangu, mimi wa kunishauri hapa sina. Nimwambie, au nimwache na furaha yake? Nifanye nini?