Sale ya Vyuma Nyuma ya Jiko Yangu

Ule mwaka wa vita tulikula bugali na majani ya kunde, na kunde yenyewe hatukuiona. Ndagala, samaki badogo ba ziwa, zilipotea sokoni Baraka kwa sababu bavuvi baliogopa kulala juu ya maji. Mihogo ya Mboko ilioza mashambani, benyewe bamekimbia. Na katika njaa ile, nyuma ya jiko yangu, vijana balikuwa bananyanyua vyuma. Sijui nguvu ilitoka wapi. Labda kiburi inashibisha.

Ile nafasi ni yangu. Mujukuu wangu, mutoto wa binti yangu, aliniomba afanye pale sale ya mazoezi. Mi nilifikiri sale ni nyumba yenye viti. Kumbe ni jua kali, vumbi, na chuma ya lori lililopinduka njia ya Fizi, na kopo lenye simenti iliyokauka kila ncha ya ile chuma. Asubuhi nasikia “hu! hu!” kama ng'ombe ba Bibokoboko banapanda mulima.

“Kuni za bibi hazijapasuliwa,” nabaambia, “na muko munanyanyua kitu kisichoenda popote!”

“Bibi, tunajenga mwili.”

“Mujenge kwanza choo yangu.”

Lakini balinifaa, sikatai. Mwanamuke akishindwa kuzaa kule juu milimani, ni bao balimubeba na kipoyi, kitanda ya miti, mabegani mpaka hospitali. Nilipita sokoni shingo juu. “Munaona bale? Ni bangu.” Wakati wa uchaguzi, mukubwa mumoja aliona ile mabega naye akaipenda. Akabapa mupira na sabuni, bakatembea mbele ya gari yake vifua nje. Alipopata kiti, kioo ya gari ikapanda, hatukumuona tena.

Kisha akakuja komanda. Sitasema ni wa upande gani. Pande zote zinakula batoto. Alipapasa mikono ya vijana kama muntu anayenunua mbuzi. Bakakubali kumufuata bote, na mujukuu wangu pia.

Sasa, kwetu kijana haendi vitani mupaka bibi yake amutemee maji kifuani. Bibi anajaza kinywa, anamupulizia, anataja bazee baliokufa. Bila ile, hata mwenye bunduki anajiona uchi. Na kwa sababu sale ilikuwa kwangu, bote baliniita bibi. Komanda mwenyewe aliniletea kikombe ya maji.

“Bibi, bariki vijana.”

“Banaenda wapi?”

“Kilembwe. Kulinda nchi.”

“Na bamama bagonjwa, nani atababeba?”

“Usituletee maneno ya banamuke.”

“We nani alikuzaa, komanda? Lori?”

Vijana bakacheka. Yeye hakucheka. Akanisogezea kikombe, nikamwanga maji yote mbele ya buti zake.

“Sitemi maji,” nikamwambia. “Mi sibariki maiti.”

Akageuka, akaenda zake. Vijana bengine bakaenda kwa babibi yao, na bale babibi bakatema. Sibalaumu, njaa ilikuwa nyingi na komanda alikuwa na muchele. Mumoja alirudishwa ndani ya bashi, lile turubai la plastiki la kufunikia nyumba. Mama yake alimujua kwa meno. Mwingine, hadi leo kwao habajui bamulilie ao bamungoje.

Wangu alibaki. Alikuwa mukali kama pilipili. Basichana kisimani balimuita mutoto wa bibi. Kila asubuhi alinyanyua peke yake, hasemi “hu” tena, nasikia tu simenti inaanguka chini.

Siku moja alikuja jikoni, kifua wazi, kikombe mukononi. Akapiga magoti mbele yangu.

“Bibi, fanya tu. Benzangu banakufa, mi niko nanyanyua makopo.”

“Bwana yangu,” nikamwambia, kwa maana mujukuu ni bwana wa bibi, “ukienda, nani atanioa?”

Zamani ile maneno ilimuchekesha mupaka machozi. Sasa alinisukumia kikombe kinywani, maji ikanimwangikia kidevuni. Ana mikono ya kuvunja taya yangu kwa vidole viwili. Lakini maji ya kulazimisha haibariki, anajua. Nilikaza meno, nikapangusa kidevu, nikamwangalia machoni.

“Sitemi maji. Mi sibariki maiti.”