Shimo la Zipora Chini ya Mavi ya Mbuzi

Jirani yangu Zipora, hapa Haneti, ana miaka sabini na ushee, meno manne, na shamba moja la uwele. Shamba lenyewe liko juu ya mahame ya ukoo wa mumewe, pale tembe lao lilipokuwa kabla watu hawajahamishiwa kijijini. Udongo ule umekula samadi miaka mia. Ukisahau fimbo pale jioni, asubuhi unafunga mbuzi kwenye tawi lake.

Mwezi wa kumi, mvua ikianza kunukia, akaja Rodgers, mtaalamu wa mambo ya kale, na hema, kamba na mswaki. Akatandaza kamba shamba zima, akaanza kuipiga ardhi mswaki. Mwanamume mzima, siku nne. Ya tano akafikia shimo lililokandikwa udongo, lenye jivu.

"Bibi, hapa walifanyia matambiko," akamwambia Zipora. "Patawekwa uzio. Pasilimwe tena."

"Marahaba," akajibu Zipora, ingawa hakuna aliyemwamkia.

Hana shamba jingine. Kwa hiyo kesho yake akatoa siri aliyoitunza miaka hamsini.

"Matambiko gani, mjukuu wangu? Hilo ni ghala. Tulifukia uwele, juu yake jivu usiliwe na wadudu, juu ya jivu mavi ya mbuzi, na juu ya mavi mbuzi wenyewe."

"Mkiuficha asiuone nani?"

"Yeyote aliyekuja na karatasi. Bibi wa mume wangu alilichimba ili askari wa Mjerumani wasiuone uwele. Mwaka wa kuhamishwa nikalijaza mimi. Karani aliyekuja kutuhamisha akaingiza mkono kwenye yale mavi hadi kiwiko, harufu ikamwangusha, akazindukia hospitali, Mpwapwa."

Nilikuwepo. Alizindukia Mvumi, lakini sikutaka kumharibia Zipora ushahidi.

Rodgers alifurahi karibu alie. Akasema huu ni upinzani wa wakulima, jambo kubwa kuliko matambiko, kwa hiyo uzio utapanuliwa, nguzo zitakuja mwezi wa kwanza. Kumbe ukikataa kunyang'anywa, wajukuu wa waliokunyang'anya watakuja kukunyang'anya kwa heshima.

"Ndiyo, mjukuu wangu," akasema Zipora, akampa ugali na mlenda, akamsindikiza mpaka kwenye gari.

Mvua ya kwanza ilipodondoka, Zipora alipanda uwele. Kamba za Rodgers zilikuwa zimenyooka vizuri mno, akaona hasara kuziacha bure, akafuata mistari. Kwenye mashimo ya ule mswaki, yaliyotuamisha maji, akaweka maboga.

Nguzo zilipofika, uwele ulikuwa magotini. Mafundi, Wagogo watupu, waliutazama, wakazishusha nguzo kando ya njia na kukaa juu yake. Hakuna mtoto wa Ugogo atakayekubali kuonekana anang'oa uwele uliosimama. Hata mama yake angemnyima maji.

"Bibi, si tulikubaliana?" akauliza Rodgers.

"Tulikubaliana, mjukuu wangu. Na hilo nalo liandike kwenye upinzani wako."

Akaandika, maskini. Akasema uzio utasubiri mavuno. Zipora akasema ndiyo. Baada ya mavuno atapanda kunde, na wakija tena atasema ndiyo.

Kabla ya kuondoka Rodgers aliuliza kama kuna shimo jingine.

"Ni hilo moja tu," akasema Zipora.

Yako manne. Moja Rodgers alikuwa amepiga hema juu yake, na alilala vizuri sana.