Nembo ya Baiskeli ya Baba

Enzi zetu hakuna aliyenunuliwa kitu cha kuchezea, ulijitengenezea. Pale mtaani kwetu Mafiga tulisukuma ringi, tukacheza gololi hadi magoti yakawa meupe kwa vumbi, lakini mimi nilipenda kizibo. Unaponda kizibo cha soda kwa jiwe, unakitoboa matundu mawili, unapitisha uzi, kisha unauvuta na kuulegeza. Kinazunguka na kuvuma kama nyuki. Wajukuu wangu nikiwaeleza, wananiuliza kilikuwa kinachajiwa wapi.

Baba alikuwa na baiskeli nyeusi aliyoshushia ndizi kutoka milimani kila siku ya soko. Aliifuta kwa kitambaa kabla ya kunawa uso. "Hii ni ya Mwingereza," alipenda kusema, akigusa nembo ya shaba chini ya usukani, yenye maandishi na ndege wa shingo ndefu. Mimi nilichoona ni shaba yenye matundu mawili tayari.

Jioni moja, baiskeli ikiwa imerudi kutoka kwa fundi mchana huo, nilifungua skrubu, nikaiponda ile nembo hadi ndege na maandishi vikafutika. Ilivuma kuliko vizibo vyote vya mtaa. Siku ya tatu, nikicheza kando ya mto, uzi ulikatika, shaba ikarukia majini.

Fundi mwenyewe alikuwa Maganga, Mnyamwezi, rafiki wa baba. Sisi Waluguru na wao ni watani, na wawili hao walitukanana kwa raha kila asubuhi. Baba alipomuuliza nembo iko wapi, Maganga alijibu kama mtani anavyotakiwa kujibu: "Nimeiuza, Mluguru wewe, nikanunulia nyama. Utanifanya nini?"

Baba alicheka. Kesho yake akaidai kwa dhati. Maganga akaapa hakuichukua, lakini baba hakuamini tena. "Utani una mpaka," alisema, akahamia kwa fundi mwingine. Nilikuwa nimesimama mlangoni, uzi mfukoni.

Miaka ikapita, baba akafariki. Watani huja msibani kufanya vituko hadi wafiwa wacheke. Maganga hakuja. Tulizika kimya.

Mwezi uliopita niliitoa stoo fremu ya ile baiskeli. Nilitaka kuifufua na kuandika jina la kiwanda pale palipobaki matundu, ila jina nilikuwa nimeliponda mwenyewe. Nikaipeleka itambuliwe kwa Shija, mtoto wa Maganga, mzee mwenzangu, anayefanya kazi palepale alipokaa baba yake. Siku hizi anatengeneza bodaboda zaidi. Vijana wakitembea hatua mia wanasema wamechoka.

"Mtani, bado hujafa?" alinipokea.

"Nangoja wewe utangulie."

Akaipindua fremu, akasugua kwa msasa chini, kwenye bomba linalopita ekseli ya pedeli, hadi namba ikaonekana. Akapapasa viungo vya mabomba kimoja kimoja.

"Hii si ya Mwingereza. Ni ya Mhindi."

"Baba alisema..."

"Baba yako alidanganywa na aliyemuuzia. Mzee wangu alijua tangu siku ya kwanza alipoifungua. Akatukataza nyumbani: 'Nitamtania kwa yote, hilo hapana. Anaipenda mno.'"

Hapo nikashindwa kuendelea kunyamaza. Nikamwambia nembo niliichukua mimi, nikamweleza habari ya kizibo, ya mto, na ya pale mlangoni niliposimama. Nilingoja anitukane, ni haki yake. Aliendelea kusugua namba ambayo tayari ilikuwa inasomeka.

"Siku mliyomzika baba yako," alisema mwishowe, "mzee alivaa shati lake la sikukuu. Alikaa hapo kibarazani hadi watu wakarudi kutoka makaburini."

Siku hizi watu wakikosana wanafutana kwenye simu, kesho wanarudishana. Nawacheka wajukuu kwa hilo, na kwa uvivu wao wa kutembea. Lakini kutoka mlangoni kwetu hadi kwa fundi Maganga zilikuwa hatua hamsini, na maisha yake yote sikuzitembea.