Bwana Kideo na Uso wa Bintiye

Mtaani bado wanamwita Bwana Kideo, ingawa siku hizi video za harusi hupigwa kwa simu na kazi yake imebaki jina. Nilipanga chumba juu ya studio yake wakati mkewe alipokuwa akipoteza macho. Daktari alikuwa amewaambia ukweli: yamebaki majuma machache tu ya kuona. Mama huyo aliomba jambo moja, amwone tena binti yao aliyefariki akiwa na miaka kumi na tisa.

Picha za binti ziliharibika zote paa lilipovuja. Ilisalia filamu ya dakika nne, yenye ukungu, uso wenyewe mdogo kama punje ya mahindi. Programu ya kuusafisha na kuukuza ilitaka kadi ya picha yenye nguvu, kile kipande cha ndani kinachotoa picha kwenye skrini, na kompyuta ya Bwana Kideo ilikuwa kuukuu.

"Hiyo mashine imekula chumvi kutuzidi sisi," mkewe alimtania. "Iache ipumzike."

Hakuiacha. Alipata kadi iliyotumika kutoka ofisi iliyokuwa ikifungwa. Ilikuwa ndefu mno, akakata bati la ndani ya kompyuta kwa msumeno ndipo ikaingia. Akawasha. Feni zikazunguka, skrini ikabaki nyeusi tii.

Akadhani umeme hautoshi, akabadilisha kisanduku cha umeme cha kompyuta. Nyeusi. Akasugua meno ya kadi kwa kifutio cha penseli. Nyeusi.

"Imewaka, mume wangu?"

"Bado, mama."

"Basi ihurumie. Nayo ni mgonjwa."

Siku zikaenda hivyo. Mama akaacha kutazama saa ya ukutani, akawa anauliza saa. Kisha akaanza kukitafuta kikombe kwa kupapasa meza. Bwana Kideo aliona, akafungua skrubu kwa haraka zaidi.

Juma la nne alimeza kiburi chake, akamwita fundi wa kompyuta, mwanamke aliyewahi kuwa mwanafunzi wake wa kamera. Fundi aliinama nyuma ya mashine.

"Mwalimu, waya wa skrini mbona uko huku juu?"

"Hapo ndipo kwake, binti."

"Palikuwa kwake. Sasa picha inatokea kwenye kadi, huku chini. Na nani kaugandisha kwa gundi?"

"Mimi. Ulikuwa unalegea. Kuna bibi harusi alinipotea kwenye skrini katikati ya kiapo."

Fundi alicheka, kisha akamwona usoni, akainama tena. Akakwangua gundi kwa wembe, akauhamisha waya. Skrini ikawaka.

Kesho yake adhuhuri filamu ilikuwa tayari. Uso wa binti ulijaa skrini nzima, mpaka kovu dogo juu ya nyusi likaonekana. Mama alikaa karibu kabisa, pua nusura iguse kioo.

"Naona mwanga," alisema. "Yumo humo?"

"Yumo."

"Anafanya nini?"

"Anajifunga kitambaa kichwani. Cha njano."

"Cha kijani," mama alisema. "Cha njano kilichanika kabla ya hapo, mwenyewe nilikifanya tambara."

Bwana Kideo alitazama skrini. Kitambaa kilikuwa cha njano, kimeiva kama ndizi.

"Kweli," alisema. "Cha kijani."

"Anacheka?"

Akairudisha filamu mwanzo, akavuta kiti karibu naye, akaanza kumsimulia upya.