Steringi Aliyeshika Bega

Jumamosi iliyopita nilimaliza bando la wiki nzima kwa mchana mmoja, na sijutii hata kidogo. Nilikuwa nyumbani kwangu Mbeya, ukungu umeshuka mpaka juu ya mabati, na binti yangu amejilaza kwenye kochi, mguu juu ya mto. Alivunjika akicheza netiboli shuleni. Plasta imeshatolewa, mfupa umeunga, lakini mguu wenyewe hataki kuukanyagia. Nesi wa mazoezi alitueleza bila kuzunguka: asipoanza kutembea sasa, goti litakakamaa na atachechemea maisha yake yote. Nimembembeleza, nimemfokea, nimemwahidi chipsi kuku. Wapi! Analia tu, anasema mguu si wake tena.

Basi nikakumbuka dawa iliyonitibu mimi. Nikaingia mtandaoni kuitafuta ile tamthilia ya zamani ya msichana wa sekondari mwenye nguvu za ajabu, yule anayesimamisha magari kwa viganja. Nilitaka binti yangu ayasikie maneno ya mwisho wa sehemu ya kwanza, kwa sababu ndiyo yaliyoninyanyua nilipokuwa na umri kama wake.

Maana na mimi nilivunjika, rafiki yangu. Nililelewa na bibi kijijini, huko Iringa, na msimu mmoja wa mavuno nikadondoka kutoka juu ya mkokoteni wa ng'ombe uliojaa mahindi. Plasta ilipotolewa nikagoma kutembea, kama huyu wangu anavyogoma leo. Mtoto umleavyo, wanasema, lakini mwingine anazaliwa na ukaidi wake kabisa. Bibi akawa ananibeba mgongoni, chooni, jikoni, kanisani, huku akihema na kunikumbusha kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nikawa namjibu kimoyomoyo kwamba mimi si koleo.

Safari niliyoipenda ni ya kwa jirani. Jirani alikuwa tandiboi, yaani utingo, wa malori ya Zambia, na alipoacha kazi hiyo alirudi kijijini na tivii ya chogo, deki, sola na CD za tamthilia hiyo. Jumapili baada ya ibada watoto tulijazana sebuleni kwake. Kiingilio kilikuwa kazi: kila mtoto na beseni lake, tunapukuchua mahindi yake huku tunatazama. Sheria ilikuwa moja tu, na aliitangaza kila mara kabla ya kuwasha.

"Mikono ikilala, na tivii inalala."

Hakuwa anatania. Akisikia punje zimeacha kugonga beseni, anabonyeza deki, na steringi, yule msichana shujaa wetu, anabaki hewani amekunja ngumi mpaka tuanze tena. Vidole gumba vilichubuka, baridi ya mwezi wa saba ilipenya chini ya mlango, na kutoka jikoni ilikuja harufu ya makande ya mke wake, ambayo tulijua tutayapata tukimaliza gunia. Sijawahi kula makande matamu vile tena, na nimejaribu kuyapika mara nyingi.

CD zilikuwa za Kiingereza, na Kiingereza chetu kiliishia kwenye salamu za darasani. Kwa hiyo jirani alitutafsiria. Alisema lugha hiyo aliiokota barabarani. Kwa tafsiri yake, adui alikuwa baba mdogo wa steringi, aliyemdhulumu shamba aliloachiwa na marehemu baba yake. Jamani, tulivyomchukia yule mzee!

Mwisho wa sehemu ya kwanza adui alimbwaga steringi chini. Steringi hafi, hilo tulilijua, lakini huyu alilala muda mrefu mpaka tukaanza kuogopa. Ndipo jirani akasema polepole, kwa sauti nyembamba ya yule msichana: "Nimeanguka, sijakwisha. Naamka na mguu huu huu." Na kweli akaamka. Mikono yangu ilikuwa imelala kwenye beseni, lakini siku hiyo deki haikubonyezwa.

Jumapili iliyofuata nilimwambia bibi apumzishe mgongo wake. Nikashika fimbo, nikaenda kwa jirani kwa mguu huo huo, nikilia njia nzima na makamasi juu. Nikafika.

Sasa turudi kwenye kochi. Siku hizi Kiingereza nakielewa, na ndicho kinachonipa mkate. Kumbe yule adui si baba mdogo wa mtu, ni mwalimu wake wa sayansi! Shamba halipo kabisa. Nilicheka mpaka binti yangu akanishangaa. Kisha steringi akabwagwa, nami nikamwambia sikiliza hapa, mwanangu, hapa hapa.

Yule msichana hakusema kitu. Alilala, akanyanyuka kimya. Tena alikuwa ameshika bega. Miguu yake ilikuwa mizima yote miwili.

Nikarudisha nyuma, nikatazama tena. Bega.

Nililia, sitakuficha. Miaka yote nimemshukuru msichana wa kwenye tivii, kumbe aliyesema ni jirani, na alisema na mimi, niliyekaa mbele yake nimenyoosha mguu juu ya gunia. Alinifichia aibu mbele ya wenzangu. Amekwisha fariki. Pale kwake pamejengwa fremu za maduka, mahindi yanapukuchuliwa na mashine, na kila mtoto anatazama peke yake, tafsiri imeandikwa chini ya kioo. Asante yangu sina wa kumpelekea, na inaniuma.

"Mama, ndiyo hiyo? Mbona hajasema chochote?" binti akauliza.

Nikafuta macho. Nikazima sauti ya simu, nikarudisha pale anapoanguka, nikasema mimi: "Nimeanguka, sijakwisha. Naamka na mguu huu huu."

"Lakini ameshika bega."

Nikamwambia anyamaze, mtafsiri ni mimi. Akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu avunjike, akataka sehemu ya pili. Nikaiwasha. Ilipoanza kunoga nikaisimamisha, nikainuka na simu yangu, nikaenda kusimama nayo mlangoni, upande wa pili wa sebule.

Alinitazama kwa hasira, akautazama mguu. Akaushusha sakafuni taratibu, akashika kochi, akashika meza. Nilitamani kumkimbilia. Sikwenda. Alipofika katikati alitaka kukaa, nami nikamwonyesha kidole changu juu ya kitufe.

"Mguu ukilala," nikamwambia, "na tivii inalala."

Akaja. Analia, makamasi juu, akaja.