Vimebaki Vifungo Tu

Mnisamehe mwandiko na makosa ya herufi. Niliishia darasa la saba, na mkono wangu umezoea mkasi kuliko kalamu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tukuyu. Kwa aibu yangu siwezi kumkatalia mteja, kwa hiyo kazi zimejaa hadi chini ya meza. Kila asubuhi naziangalia, nachoka, naanza kupaka cherehani mafuta. Hakuna cherehani inayong'aa kama yangu mjini.

Mama Neema wa Masukulu alileta kitambaa cha blauzi sita za kwaya, za kuvaa Jumapili. Jumatano akapiga simu.

"Fundi, umefikia wapi?"

Niliona haya kusema sijaanza. "Vimebaki vifungo tu, mama."

"Ndaga fijo, mwanangu! Pole na kazi."

Aliponishukuru hivyo, hata mimi nikaanza kuamini.

Ijumaa asubuhi nikiwa na kopo langu la mafuta, wanakwaya wote sita wakaingia wamelowa mvua, kila mmoja na sindano yake.

"Tumekuonea huruma, fundi," alisema Mama Neema. "Toa blauzi, vifungo tutashona wenyewe."

Nikatoa. Kitambaa kilikuwa bado kimefungwa kamba, kwa fundo la Mama Neema mwenyewe.

Hakuna aliyenigombeza. Bibi mmoja alinikabidhi mkasi, akavuta benchi. "Haya, kata. Sisi tunakutazama."

Kufikia saa sita mchana zote zilikuwa zimekatwa.

Nanyi kazi zikiwajaa mnaanzia wapi? Niandikieni. Majibu ya barua zenu nimeshayaandika, imebaki stempu tu.