Bi Punguza na Fundi wa Mluzi

Siku hizi kila mtu ana intaneti mfukoni na hajui kuuliza. Zamani mtaa mzima tulikuwa na chumba kimoja chenye kompyuta chakavu, na mwanamke mmoja aliyejua.

Alikuwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu mke wangu. Watu walimwita Bi Punguza. Ukiingia na habari yako ndefu, alikusogezea kiti kwa mguu na kusema, "Kaa. Punguza." Mimi nimejisomesha kwa magazeti ya kufungia sukari, nikiokota neno silitupi, kwa hiyo mimi ndiye niliyeambiwa hivyo kuliko wote.

Siku moja aliingia dobi wa jirani, ananukia sabuni na moshi wa pasi. Mama yake alikuwa hoi kitandani, na kila asubuhi alimuulizia kitinda mimba wake, aliyeondoka ujanani asirudi wala kuandika. Dobi alitaka mdogo wake apatikane kabla mama hajafumba macho.

"Andika: ndugu yangu amepotea, mama anaumwa, arudi nyumbani."

"Hayo ni maneno yako wewe unayetafuta," shemeji akajibu. "Kule mtandaoni nani kayaandika? Nipe jina."

Akaliandika lote, akalifungia ndani ya alama za kunukuu lisije likakatikakatika. Akatokea mcheza mpira wa jina hilo hilo, kurasa kwa kurasa. Akaongeza neno mpira, akalitangulizia alama ya kutoa. Mcheza mpira akatoweka, na hakubaki mtu. Dobi akaanza kuikunja kofia yake kama shati la mteja.

"Tulia, kaka. Mdogo wako anafanya kazi gani?"

"Fundi saa. Hodari, ila kelele! Hashiki bisibisi bila kupiga mluzi."

"Basi tusiandike kama wewe. Tuandike kama mteja wake."

Akaandika fundi saa ndani ya zile alama, kisha mluzi. Basi. Nikashauri tuongeze "hodari". Akabonyeza kitufe bila kuliongeza.

Ikaja picha, na chini yake maneno ya mteja mmoja akimsifu fundi aliyemfufulia saa ya ukutani huku akimburudisha kwa mluzi. Fundi ameinama, sura haionekani.

Dobi akaruka kitini. "Ndiye! Tazama hilo sikio! Nililing'ata mimi, tukigombea kishada!"

"Loo, kumbe ulimtia alama mapema," shemeji akasema, huku akinakili namba ya simu iliyoonekana kwenye kibao cha duka.

Mdogo mtu alifika wiki ile ile. Mama yake, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha nguvu, alimpapasa sikio kwanza ndipo akaitikia salamu. Akala siku hiyo, na kesho yake akaomba aketishwe.

Leo mjukuu wangu huimwagia simu maswali yake yote, akachukua jibu la kwanza, akaenda zake. Hakuna wa kumuuliza, "Huyo unayemtafuta alikuwa mtu gani?" Simu hizo ndizo zilizokimaliza chumba kile.

Mara ya mwisho kuwaona wote pamoja, shemeji alikuwa anahama. Ndugu wawili walibeba meza yake, na mama yao amekaa mlangoni kwenye kiti cha wateja, nyaya mapajani. Fundi akasimama katikati ya njia, akaanza hotuba ya shukrani.

"Punguza, baba," shemeji akamwambia. "Meza nzito hiyo."

Wakaondoka nayo, fundi akipiga mluzi, na kichwa cha mama yake kikaufuata mluzi ule taratibu mpaka kwenye kona.